Mwongozo Kamili: Kuendesha Klabu ya Kujitolea Kigoma na Kuchangisha Fedha za Mradi wa Jamii

Mtu wa Kigoma mwenye kipato cha kawaida huchangishwa karibu kila wiki. Leo kadi ya harusi ya mtoto wa jirani, kesho kipaimara, keshokutwa msiba wa mtaa wa pili au mgonjwa anayepelekwa hospitali ya Bugando, Mwanza. Anatoa, maana kwetu asiyetoa hujulikana. Ninyi mnakuja juu ya hayo yote na mchango wa tenki la maji la shule ambayo huenda mtoto wake hasomi. Akiwapa, atakuwa amewapa kwa imani tu. Mwaka unaofuata mkirudi atauliza swali moja: "Ile hela ya mwaka jana iliishia wapi?" Klabu yenye jibu la haraka, la wazi na la maandishi hupata tena. Isiyokuwa nalo hufa, hata kama hakuna aliyeiba shilingi.

Kwa hiyo hatua zote nitakazoeleza hapa, kuanzia kukusanya wanachama hadi kukabidhi mradi, zimepangwa ili swali hilo likija lipate jibu. Nimetumia mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho: tenki la lita 5,000 la kuvuna maji ya mvua katika shule ya msingi ya manispaa. Mkiwa na mradi mwingine, badilisheni vifaa. Utaratibu ni ule ule.

Hatua ya kwanza: watu wanaofika

Anzeni na watu kumi hadi kumi na tano. Msitafute watu wenye majina makubwa. Tafuteni wanaofika kikaoni. Jaribio rahisi ni kuitisha vikao vitatu mfululizo, siku moja na saa ile ile, bila posho wala soda. Atakayekuja vyote vitatu ni mwanachama. Aliyetuma udhuru mara mbili na salamu nyingi ni mfadhili, naye ana nafasi yake, lakini msimpe cheo.

Hakikisheni kundi lina mchanganyiko. Klabu ya walimu watupu itajua shule na haitajua mwalo, pale mitumbwi inaposhusha samaki. Mnahitaji mtu wa mwalo wa Kibirizi anayejua lini samaki wanatoka, mfanyabiashara wa soko la Mwanga, muuguzi, fundi ujenzi, na mtu wa Ujiji anayesikilizwa na wazee. Kijana mmoja anayejua kutunza daftari kwa mwandiko unaosomeka ana thamani kuliko wajumbe watatu wa heshima.

Viongozi watatu wanatosha kuanzia: mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Wasiwe ndugu, wasiwe mke na mume, wasiwe mtu na bosi wake. Wekeni kikomo cha uongozi kwenye katiba. Rotary, mtandao wa kimataifa wa klabu za kujitolea, hubadilisha rais wa klabu kila mwaka, tarehe 1 Julai, duniani kote, na mimi naona ni desturi nzuri ya kuigwa. Mweka hazina anayejua kwamba Juni lazima akabidhi vitabu kwa mwingine huandika vizuri tangu Julai.

Hatua ya pili: jina na usajili

Hapa mna njia tatu.

Ya kwanza na nyepesi ni kikundi cha kijamii. Mnapata barua ya utambulisho kwa mwenyekiti wa mtaa na mtendaji, mnaambatanisha katiba, muhtasari wa kikao cha kuanzisha kikundi na orodha ya wanachama, kisha mnaenda kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata, naye atawaelekeza manispaa. Kwa klabu inayofanya kazi ndani ya Kigoma-Ujiji, hii inatosha kabisa kuanzia.

Ya pili ni kujiunga na familia ya klabu za kimataifa. Rotary ilianzishwa na wakili Paul Harris na wenzake watatu mjini Chicago tarehe 23 Februari 1905. Lions, mtandao mwingine wa namna hiyo, nao walianzia mji huo huo mwaka 1917. Ili kufungua klabu mpya, kila moja inataka wanachama waanzilishi wasiopungua 20. Faida ni mtandao na nidhamu: mpango wa Rotary wa kupambana na polio, ulioanza mwaka 1985, umechangia ile kazi ya matone ya chanjo tunayoiona watoa huduma wakiipitisha nyumba kwa nyumba. Gharama yake ni ada ya kila mwaka inayokwenda ngazi za juu. Mkipigia hesabu ada hiyo na mkaona nusu ya wanachama hawataimudu, subirini. Na msijiunge kwa kufikiri fedha za nje zitashuka haraka: ruzuku kubwa za Rotary Foundation, mfuko wa hisani wa Rotary, zinahitaji mradi wenye bajeti ya kuanzia dola 30,000 na klabu mshirika wa nchi nyingine. Tenki moja la shule haliingii huko.

Ya tatu ni shirika lisilo la kiserikali chini ya Sheria Na. 24 ya mwaka 2002, kwa ngazi ya wilaya, mkoa au taifa. Linakuja na taarifa za kila mwaka na ada. Lifikirieni mkishakuwa na miradi kadhaa mkononi.

Vyovyote mtakavyochagua, fungueni akaunti ya benki kwa jina la klabu kabla ya kupokea shilingi ya mtu wa nje. Watia saini wawe watatu, na hela itoke kwa saini mbili. Ombeni pia lipa namba, yaani namba ya kupokea malipo ya simu, kwa jina la klabu. Namba ya simu ya mweka hazina haifai hata akiwa mwaminifu kama malaika, kwa sababu siku akiugua au akipoteza laini, hela ya watu imekwama, na maneno ya mjini hayasubiri maelezo.

Hatua ya tatu: fanyeni kwanza kazi isiyohitaji hela

Hii ndiyo hatua inayorukwa na klabu nyingi, na ndiyo inayojenga jina. Kabla ya kuomba mtu elfu mbili, mwonyesheni kazi ya mikono yenu.

Kazi ninayoipendekeza ni uchangiaji damu. Mkoa wetu una malaria, na malaria kali huwamaliza watoto damu. Ajali za bodaboda na akina mama wanaotoka damu wakati wa kujifungua huongeza mahitaji. Wachangiaji wengi nchini ni wanafunzi wa sekondari, kwa hiyo shule zikifungwa akiba hushuka. Hapo ndipo klabu inapofaa: leteni watu wazima wakati wa likizo.

Nendeni Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Maweni, muone kitengo cha damu, muulize siku gani wanaweza kutoa wataalamu na vifaa. Kanda ya Magharibi ya Mpango wa Taifa wa Damu Salama makao yake yako Tabora, na hospitali ndiyo itakayojua ratiba. Kazi yenu ni watu, viti, kivuli, maji ya kunywa na kitu kidogo cha kula baada ya kutoa. Masharti ya mchangiaji myaeleze mapema ili mtu asipoteze safari: umri wa miaka 18 hadi 65, uzito usiopungua kilo 50, awe mzima siku hiyo na awe amekula. Mwanaume anaweza kurudia baada ya miezi mitatu, mwanamke baada ya minne. Chupa moja ni mililita 450 hivi. Damu hupimwa virusi vya Ukimwi, homa ya ini aina ya B na C, na kaswende. Mwambieni mtu hilo kabla, asije akashtukia.

Tarehe 14 Juni ni Siku ya Wachangia Damu Duniani, na hospitali huwa tayari zaidi kushirikiana. Siku hiyo andikeni idadi ya waliofika, waliokubaliwa na chupa zilizopatikana, mkabandike kwenye ubao wa mtaa. Ndiyo taarifa yenu ya kwanza kwa umma, na haina shilingi hata moja ndani yake.

Jambo la picha nalisema hapa kwa sababu huanza mapema. Msimpige picha mgonjwa. Msimpange mtoto mstarini ameshika mche wa sabuni mkapiga picha ya pamoja. Tangu mwaka 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, lakini hata isingekuwepo, mtoto huyo kesho atakuwa mtu mzima wa mji huu, na picha itakuwa bado inazunguka kwenye simu za watu. Pigeni picha kazi: tofali, gata (mfereji wa maji ya paa), koki inayotoa maji.

Hatua ya nne: chagueni mradi kwa kupiga hesabu

Mradi mzuri wa kwanza una sifa tatu: unakwisha ndani ya miezi mitatu, unaonekana kwa macho, na una mwenyewe wa kuutunza. Hiyo ya tatu ndiyo ngumu. Pitieni mitaa yetu mhesabu maboma yaliyoishia kwenye lenta, yaliyoanzwa kwa nguvu za wananchi na shangwe kubwa, leo yanaota nyasi. Chagueni kidogo mtakachomaliza.

Sasa tenki. Hesabu ya kuvuna maji ni nyepesi: mvua ya milimita moja ikinyesha juu ya paa la mita moja ya mraba hutoa lita moja. Darasa lenye paa la mita 8 kwa 20 lina mita za mraba 160. Mvua nzuri ya milimita 20 itatoa lita 3,200. Toeni moja ya tano inayopotea kwa kuruka na kumwagika, zinabaki kama lita 2,560. Mvua mbili za namna hiyo zinajaza tenki la lita 5,000. Kigoma mvua huanza mwishoni mwa Oktoba au Novemba na kwenda hadi Aprili, wakati mwingine Mei.

Upande wa matumizi: shule yenye wanafunzi 600, kila mmoja akitumia nusu lita kunawa mikono kwa siku, ni lita 300. Tenki lililojaa litadumu siku 16 za shule. Maana yake tenki hili ni la kuvusha shule katikati ya mvua na mvua. Halitafika Agosti. Waambieni wazazi hivyo hivyo tangu kikao cha kwanza. Mkiwaahidi maji mwaka mzima, Julai tenki likiwa kavu mtaitwa waongo, na hamtapata nafasi ya kujieleza.

Kisha fuateni njia ya ofisi. Mwalimu mkuu, kamati ya shule, Afisa Elimu Kata, mtendaji wa kata, hadi barua ifike kwa Mkurugenzi wa Manispaa. Inachosha, lakini msiruke ngazi, kwa sababu ofisi iliyorukwa ndiyo itakayouliza kibali siku ya kuchimba msingi. Mnachokitaka kwa kamati ya shule ni muhtasari wenye saini unaosema mambo mawili: wameukubali mradi, na wametaja nani atasafisha gata na nani atanunua koki ikivunjika. Wasipotaja, hamieni shule nyingine.

Tangu elimu bila malipo ilipoanza mwaka 2016, michango shuleni ni jambo linaloangaliwa kwa jicho kali. Mwalimu asikusanye hela. Mwanafunzi asirudishwe nyumbani wala asitumwe na bahasha. Mchango ni hiari ya mtu mzima, unapokelewa na klabu, nje ya darasa, kwa stakabadhi. Na kabla ya kuanza kuchangisha hadharani, pelekeni barua ofisi ya Mkuu wa Wilaya kueleza mradi, kiasi, tarehe ya kuanza na ya kumaliza.

Hatua ya tano: bajeti na mgawanyo wa lengo

Chukueni profoma tatu, yaani hati za bei, kutoka maduka matatu tofauti. Orodhesheni vitu vyote: tenki, tofali, saruji, mchanga na kokoto vya msingi, gata na vishikizo vyake, mabomba, wavu wa kuzuia mbu na majani, koki, usafiri, fundi, na asilimia kumi ya dharura. Ongezeni makato ya benki na ya simu. Hayo makato husahaulika, halafu hesabu inapokosa elfu arobaini watu wanaanza kutazamana.

Tuseme jumla imefika shilingi 3,000,000. Usisimame mbele ya watu ukasema "tunahitaji milioni tatu". Mtu mwenye elfu mbili mfukoni ataona yake haina kazi. Gawanyeni:

Wanachama 25 (klabu ikishakua) kwa 20,000 kila mmoja: 500,000.
Wafanyabiashara na marafiki 10 kwa 100,000: 1,000,000.
Watu 40 kwa 20,000: 800,000.
Mnada: 300,000.
Wachangiaji wadogo, kuanzia 500 hadi 5,000: 400,000.

Fungu la wanachama liishe kwanza, lote, kabla hamjamgusa mtu wa nje. Mtu akiuliza "ninyi wenyewe mmetoa ngapi?", mwonyesheni ukurasa wa kwanza wa daftari.

Fungu la mwisho ni dogo kwa hela na kubwa kwa watu. Mia tano za watu mia nne zinaleta laki mbili, na zinaleta pia watu mia nne watakaopita shuleni kuangalia tenki lao. Hao ndio walinzi wa mradi. Mimi ningepunguza fungu la wakubwa kabla ya kuligusa hili.

Hatua ya sita: kalenda ya hela ya Kigoma

Mji huu una hela kwa misimu, na anayechangisha bila kuijua misimu hiyo anajichosha.

Wa kwanza ni mwezi wa angani. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa. Mbalamwezi ikiwa kali, taa haivuti, na wavuvi wengi hupumzika siku hizo. Giza likirudi, mwalo unachangamka, hela inatembea kutoka kwa mvuvi kwenda kwa mchuuzi, kwa mamantilie, kwa bodaboda. Pitisheni daftari Kibirizi wiki ya giza, asubuhi, mitumbwi ikishashusha.

Wa pili ni kufungwa kwa ziwa. Mwaka 2024 uvuvi Ziwa Tanganyika ulisimamishwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane, kwa makubaliano na nchi jirani zinazolizunguka ziwa. Fuatilieni tangazo la mwaka wenu. Kipindi cha namna hiyo msichangishe mwaloni hata kidogo. Familia zinaishi kwa akiba. Tumieni miezi hiyo kwa barua, vibali na profoma.

Wa tatu ni mshahara. Watumishi wa serikali hupata siku za mwisho wa mwezi, na kuanzia tarehe 10 wengi wameshaanza kukopa. Januari iacheni kabisa, ni mwezi wa sare na madaftari.

Ukiyaweka pamoja, ratiba ya tenki inajipanga yenyewe: Mei hadi Julai makaratasi, Agosti wanachama wamalize lao, mwisho wa Agosti na Septemba mzima kuchangisha, Oktoba mwanzoni kujenga, mvua ya kwanza ikute gata limeshafungwa.

Hatua ya saba: namna ya kuomba

Nendeni wawili wawili, mwanaume na mwanamke ikiwezekana, na mmoja awe anafahamika mahali hapo. Bebeni vitu vitatu: kitabu cha stakabadhi chenye namba, barua yenye mhuri, na karatasi moja yenye mchoro wa tenki na bajeti. Salamu zisiharakishwe. Mwaloni mazungumzo huenda hivi:

"Shikamoo mama."

"Marahaba wanangu. Mmekuja na karatasi, mnachangisha nini tena?"

"Tenki la maji la shule ya hapo juu, mama. Watoto wakitoka chooni hawana pa kunawa."

"Hela ya biashara bado sijaipata, nina dagaa tu."

"Dagaa tunapokea, mama. Tunaandika sado moja, ile ndoo ndogo ya kupimia, na jina lako."

Andika kweli: sado moja ya dagaa, tarehe, jina, na mpe stakabadhi kama aliyetoa laki. Vitu vinavyotolewa huandikwa kwa kipimo chake siku ya kupokelewa, kisha kwa bei yake siku ya kuuzwa. Atakapopita shuleni akaona mstari wake ubaoni, hakuna tangazo la redio litakalofanya kazi kuliko maneno yake sokoni.

Kwa wafanyabiashara, ombeni kitu mahususi: "mifuko mitano ya saruji" hupata jibu la haraka kuliko "chochote ulichojaliwa". Kwa wana-Kigoma walioko Dar es Salaam na kwingineko, kundi la WhatsApp linasaidia, mradi msilijaze vikumbusho. Mara moja kwa wiki, orodha mpya na picha ya hatua iliyofikiwa, inatosha.

Misikitini na makanisani kuna adabu zake. Ujiji ni mji wa Kiislamu wa zamani. Muoneni imamu kabla ya Ijumaa, msisimame mlangoni na kopo. Zaka ina wanaostahili wake waliotajwa, makundi manane, kwa hiyo msiombe zaka kwa ajili ya tenki bila masheikh kulitolea uamuzi, ombeni sadaka. Kanisani muoneni paroko au mchungaji ili mpangiwe Jumapili isiyogongana na mavuno au harambee ya ujenzi. Na popote pale, anayetaka jina lake lifichwe afichwe: andikeni namba ya stakabadhi peke yake.

Wanasiasa wanakaribishwa kutoa kama raia wengine. Stakabadhi moja, mstari mmoja ubaoni, bila bango wala fulana. Uchaguzi ukikaribia, ahirisheni hafla.

Hatua ya nane: mnada na matembezi

Mnada wa vitu vya kutolewa ndio tukio lenye faida kubwa kwa gharama ndogo. Kusanyeni dumu la lita 20 la mawese, jogoo, mkungu wa ndizi, samaki aina ya migebuka waliokaushwa vizuri, kitenge. Mpeni mshereheshaji anayejua majina ya watu. Kitu kinunuliwe, kirudishwe, kiuzwe tena. Dumu moja la mawese linaweza kuzunguka mara nne na kila aliyelinunua akaondoka anacheka. Gharama ya tukio lote, pamoja na muziki na viti, isizidi sehemu ya kumi ya mnachotarajia. Kama ukumbi wa kukodi unavunja kanuni hiyo, uwanja wa shule upo.

Ahadi ni mtihani. Watu husimama, hutaja laki, hupigiwa makofi, kisha simu haipokelewi. Andikeni ahadi kwenye daftari lake peke yake na msizihesabu kwenye bajeti mpaka zilipwe. Mgeni rasmi muoneni wiki moja kabla mjue atatoa nini, maana kiwango chake ndicho kitakachopima ukumbi mzima.

Kwa matembezi ya hisani, njia ya Ujiji hadi stesheni ya reli inajulikana na kila mtu na inapita katikati ya watu. Anzeni saa kumi na mbili na nusu asubuhi kabla ya jua. Taarifa polisi ipelekwe kwa maandishi, si chini ya saa 48 kabla, na ombeni askari wa usalama barabarani.

Bahati nasibu msiiguse. Kuuza tiketi za droo, hata kwa ajili ya yatima, ni mchezo wa kubahatisha chini ya Sheria ya mwaka 2003 na unahitaji leseni ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha.

Hatua ya tisa: hesabu

Kila siku ya kuchangisha iishe kwa kuhesabu, siku hiyo hiyo, mezani, watu watatu. Mmoja anahesabu noti na sarafu, wa pili anarudia, wa tatu anajumlisha stakabadhi. Jumla mbili zikilingana, karatasi inasainiwa na wote. Zisipolingana, andikeni tofauti kama ilivyo. Msimwombe mtu ajazie kutoka mfukoni, kwa sababu anayejazia leo ataonekana kesho kuwa alikuwa na sababu. Stakabadhi iliyoharibika haichanwi, inapigwa mistari miwili na kubaki kitabuni na nakala yake.

Hela iende benki siku ya kazi inayofuata, yote. Nauli ya wachangishaji, maji ya kunywa, vocha, visitolewe kwenye makusanyo. Vinalipwa na ada za wanachama. Mkianza kukata elfu mbili ya bodaboda kwenye kopo, hesabu ya benki na ya stakabadhi hazitalingana tena milele.

Kila Jumatatu bandikeni karatasi tatu: mtaa, shule, na mahali mlipochangisha zaidi, mfano mwaloni. Iwe na mistari michache: lengo, tulizonazo benki, vitu vilivyotolewa, zilizobaki. Isainiwe. Kwenye mkutano wa mtaa, mweka hazina asome kwa sauti na aruhusu maswali. Atakuwepo mzee mmoja atakayeuliza kuhusu mia tano. Ajibiwe kwa heshima na aonyeshwe kitabu. Mzee huyo mkimpata mapema, mwombeni awe mkaguzi wenu.

Hatua ya kumi: kununua, kujenga, kukabidhi

Wanunue watu wawili, mmoja awe fundi, na risiti iwe ya EFD, mashine ya kielektroniki ya kodi, yenye jina la klabu. Tenki likijaa lina uzito wa tani tano, kwa hiyo msingi ushindiliwe vizuri, uwe mpana kuliko tenki, na uinuke kama nusu mita ili ndoo iingie chini ya koki. Gata liwe na mteremko mdogo kuelekea bombani. Wekeni bomba la kumwaga maji ya mwanzo: mvua ya kwanza baada ya kiangazi huosha vumbi na kinyesi cha ndege kwenye bati, na maji hayo hayafai kuingia tenkini. Mdomo wa tenki ufungwe kwa wavu, la sivyo mtakuwa mmejengea mbu nyumba. Maji ni ya kunawa na usafi. Ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa.

Wazazi washiriki siku ya kubeba mchanga na tofali. Mkadirie thamani ya nguvu hiyo mkaiandike kwenye taarifa.

Siku ya makabidhiano andaeni hati yenye saini ya klabu, mwalimu mkuu, mwenyekiti wa kamati ya shule na mtaa. Hotuba ziwe fupi. Mweka hazina asome mapato na matumizi hadi shilingi ya mwisho, pamoja na salio. Salio likiwepo, wananchi waliopo waulizwe lifanye nini, jibu liandikwe kwenye muhtasari. Mara nyingi watasema linunue koki za akiba na gundi ya bomba, na vikabidhiwe palepale.

Kisha wekeni tarehe mbili kwenye kalenda ya klabu. Moja mwezi baada ya mvua kuanza, kuangalia gata lililolegea, koki inayovuja na kama lile bomba la maji ya mwanzo linafunguliwa. Nyingine Septemba, tenki likiwa kavu, kuingia ndani kulisugua pamoja na mtu aliyetajwa kwenye muhtasari wa kamati, na kupanda juu kutoa majani kwenye gata kabla ya Novemba. Matokeo ya ziara zote mbili yabandikwe pale pale mlipobandika karatasi za Jumatatu, Kibirizi ikiwemo.